Taa ya Korido: Kubana Matumizi Ni Ibada Yenye Hesabu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kabuga nikiwa na elimu mpya na ulimi mrefu. Muhula ule tulikuwa tumesoma habari za israfu na ubadhirifu, nami nikaona Mwenyezi Mungu amenituma kuitengeneza nyumba yetu. Kwa asiyeijua, Kabuga iko mashariki ya jiji la Kigali, sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo, kando ya barabara iendayo Rwamagana na Kayonza. Wengi wetu huku tunaishi kwa hesabu. Alfajiri watu wanapanga foleni gare kwenda Remera na mjini, jioni wanarudi na mfuko wa nyanya na kilo ya mchele. Umeme tunanunua kwa simu, tunaingiza namba kwenye mita ya kashipawa, na uniti zikiisha nyumba inaingia giza hata kama mgeni yuko sebuleni.

Basi nikajipa cheo cha ukaguzi. Chaja ikibaki ukutani bila simu, naichomoa na kuuliza ni ya nani. Mdogo wangu akipiga pasi sare yake ya shule, nasimama mlangoni nahesabu dakika. Usiku, kila mtu akishalala, napita nyumba nzima nikizima taa, na ya mwisho ilikuwa taa ya korido, ile iliyo kati ya chumba cha bibi na bafuni. Kabla sijaja, taa hiyo ilikuwa inawaka mpaka asubuhi.

Bibi aliniambia mara moja tu: "Mjukuu wangu, ile ya korido niachie." Nikamjibu kwa dalili. Nikamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, na kwamba hadithi hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Bibi hakubishana nami. Alisema, "Sawa, wewe ndiye umesoma."

Usiku wa nne aliamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha, kama afanyavyo miaka yote. Akapapasa ukuta, akakosa swichi, mguu ukagonga beseni. Tulimkuta amekaa sakafuni ameshika kifundo cha mkono, na midomo yake inasema alhamdulillah. Mkono haukuvunjika, lakini uliteguka na kuvimba. Tulikuwa na mituweli, na hata hivyo teksi ya kwenda na kurudi, dawa na kitambaa cha kufungia mkono vilimtoa baba zaidi ya faranga 12,000. Kwa wiki tatu bibi alikuwa akitawadhishwa na mama.

Ndugu zangu, siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu najua nyumba na mabweni yetu yamejaa wakaguzi kama mimi, na kwa sababu baada ya tukio lile nilirudi kwenye vitabu na kwenye mita, nikakuta nilikuwa nimekosea pande zote mbili: dini na hesabu.

Hesabu kwanza

Tuanze na taa yenyewe. Ni balbu ya LED ya wati 9. Ikiwaka saa 8 usiku kucha inakula wati-saa 72, yaani chini ya sehemu ya kumi ya uniti moja. Katika bei za umeme zilizotangazwa na RURA mwaka 2020, nyumba ya kuishi ililipa faranga 89 kwa kila moja ya uniti 15 za kwanza za mwezi, faranga 212 kutoka hapo hadi uniti ya 50, na faranga 249 kwa zinazozidi 50, kabla ya kodi. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini mpango wa ngazi umebaki, na natumia zile za 2020 kwa mfano tu. Kwa faranga 212, taa ya bibi ilikuwa inakula kama faranga 15 kwa usiku. Faranga 12,000 zilizotoka kwa ajili ya mkono wake zingeiwasha taa hiyo usiku 800, yaani miaka miwili na zaidi. Na hapo sijatia thamani ya maumivu yake, ambayo hayana bei.

Tuje kwenye chaja. Chaja nzuri za siku hizi, zikikaa ukutani bila simu, hula kama sehemu ya kumi ya wati. Ukiiacha mwezi mzima usiku na mchana, haitakula hata faranga 20. Kuichomoa si vibaya, na pengine ni salama zaidi umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu. Lakini mimi nilikuwa nagombana na mdogo wangu kila siku kwa ajili ya faranga 20 za mwezi, nikijiona mlinzi wa mali ya baba.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinakula kweli. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye birika la umeme kunahitaji kama sehemu ya kumi ya uniti. Mimi ni mpenda chai. Nilikuwa najaza birika mpaka juu, nakunywa kikombe kimoja, maji mengine yanapoa, halafu baada ya saa mbili nachemsha tena. Lita moja ya bure mara tatu kwa siku ni uniti 9 kwa mwezi, karibu faranga 1,900. Taa ya bibi kwa mwezi mzima haifiki 500. Mkaguzi ndiye aliyekuwa mharibifu.

Kisha nikaenda bombani. Nikaweka beseni chini ya bomba nikatawadha kama kawaida yangu, huku nikizungumza na mtu. Nikapima kwa jagi: lita 9. Bibi, ambaye hajawahi kusoma mlango wa tohara kwenye kitabu, anatawadha kwa birika dogo la plastiki, lita moja na nusu, na yanabaki. Anas (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na mudi ni kama robo tatu ya lita kwa wengi waliopima. Kuna pia ile hadithi mashuhuri ya kukatazwa kufuja maji hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Imepokewa na Ibn Majah na sanadi yake imezungumzwa na wanachuoni, lakini maana yake inasimama juu ya mwendo sahihi wa Mtume mwenyewe.

Nyumbani tuko wanne tunaotawadha kwa bomba. Lita 9 kwa sala 5 kwa watu 4 ni lita 180 kwa siku, sawa na jerikeni 9. Tukishuka hadi lita moja na nusu, tunabakiza lita 4,500 kwa mwezi. Katika bei za maji za mwaka 2019, mita ya ujazo iliyozidi zile 5 za kwanza ililipiwa faranga 720. Hiyo ni faranga 3,240 kwa mwezi zinazoshuka shimoni kwa jina la ibada. Na Kabuga kuna siku bomba halitoi tone. Siku hizo jerikeni zile 9 ndizo zinazotafutwa mlima mzima.

Somo la kwanza basi ni hili: mazoea madogo ya nyumbani hayalingani. Baadhi yanaokoa kweli, baadhi yanatufanya tujisikie wema tu, na baadhi yanapoteza kuliko yanavyookoa. Tunapenda kukamata yanayoonekana, kama taa na chaja, kwa sababu ni rahisi kumwonyesha mtu kidole. Yanayokula zaidi ni yale ya joto na ya maji, nayo mara nyingi yamo mikononi mwetu wenyewe. Kufunika chungu, kuroweka maharage usiku ili yasikae motoni nusu siku, kuchemsha maji ya kikombe kwa ajili ya kikombe: hayo mama zetu wameyafanya kwenye imbabura kabla sisi hatujazaliwa, na gunia la makaa linayashuhudia.

Dini inasema nini

Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, anawasifu waja wake kwamba wanapotumia hawapiti kiasi wala hawabani, bali husimama katikati. Na katika Surat Al-Israa, kuanzia aya ya 26 hadi ya 29, kuna mpango wa kustaajabisha. Inaanza kwa kuamrisha kumpa jamaa wa karibu haki yake, na maskini, na msafiri. Baada ya hapo ndipo inakuja katazo la ubadhirifu, na wabadhirifu wanahesabiwa kuwa ndugu wa mashetani. Kisha inakuja picha ya mkono: usiufunge shingoni kwa ubahili, wala usiukunjue wote ukabaki unajilaumu.

Mimi nilikuwa nimehifadhi katikati ya maneno hayo na kusahau mwanzo na mwisho wake. Mwanzo wake ni haki ya jamaa wa karibu. Ni nani wa karibu zaidi ya bibi anayelala chumba cha pili? Nilizuia ubadhirifu wa faranga 15 kwa kuivunja haki iliyotajwa kabla yake.

Wanachuoni wametofautisha maneno haya, nasi wanafunzi tuyafahamu. Israfu ni kupita kiasi katika kitu ambacho asili yake ni halali, kama kula na kunywa kulikotajwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 31. Ubadhirifu ni kutumia mali mahali pasipostahili. Ubahili ni kuzuia mahali panapostahili. Kwa hiyo kiasi cha pesa peke yake hakitoi hukumu. Faranga 15 za taa inayomwongoza mzee kwenye udhu wa alfajiri ziko mahali pake. Faranga 15 za taa ya chumba kitupu ziko nje ya mahali pake. Balbu ni ile ile, na mita inazunguka sawasawa.

Na ile hadithi niliyomtupia bibi? Niliposoma vizuri nikaona Mtume (s.a.w.) ametaja sababu ndani ya hadithi yenyewe: panya huweza kuuburura utambi na kuunguza nyumba juu ya wenyewe. Ilikuwa taa ya mafuta na moto wa wazi. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahih Muslim, ameeleza kwamba taa za kuning'inizwa ambazo haziogopewi moto, inavyoonekana hazina ubaya, kwa kuwa sababu haipo. Mtume alitoa amri ile ili watu wa nyumba walale salama. Mimi nikaichukua amri ya usalama nikamwangusha nayo bibi yangu. Ndugu zangu mnaosoma fani hii kama mimi, tuogope sana kukata hadithi na kuitoa sababu yake, hasa tunapozungumza na watu ambao hawatatujibu kwa sababu wanatuheshimu kwa elimu yetu.

Maswali matatu

Tangu siku ile najiuliza maswali matatu kabla ya kuanzisha zoea lolote la kubana matumizi, na ninawausia nyinyi pia.

La kwanza: je, linaokoa kweli? Pima. Kupima si kukosa tawakkul. Katika Sahih Bukhari, Mtume (s.a.w.) ameamrisha tupime chakula chetu ili tubarikiwe ndani yake. Lakini pia mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kwamba baada ya Mtume kufariki, alikuwa na shayiri kidogo kwenye rafu, akala kutoka humo kwa muda mrefu, kisha akaipima, ikaisha. Wanachuoni wamezipatanisha hadithi hizi, na miongoni mwa waliyosema ni kwamba kipimo cha kwanza ni cha wakati wa kununua na kutoa, ili mtu ajue anachoingiza na asidhulumiane na mwenzake; na kipimo cha pili ni kile cha kuchungulia kilichobaki kwa hofu ya kuishiwa. Pima ili ujue. Usipime ili uwe na wasiwasi na kila kijiko anachochota mwenzako.

La pili: nani analipa gharama ya zoea hili? Katika fiqhi tumefundishwa kwamba madhara huondolewa, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Ukibana matumizi, mzigo ubebe wewe kwanza. Ukiona anayebeba ni mzee, mtoto, mgonjwa, au yule wa chumbani asiyeweza kukujibu, simama uulize upya. Nilipomwomba bibi msamaha, aliniambia neno moja tu: "Siku nyingine niulize kwanza naihitajia nini." Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimefundisha tu.

La tatu: kilichookolewa kinakwenda wapi? Hapa ndipo wengi wetu tunaangukia. Mwisho wa mwezi baada ya kulirekebisha birika na bomba, tulikuwa tumepunguza kama faranga 5,000. Nikauliza ziko wapi. Hazikuwepo. Ziliingia katika vocha za intaneti, pikipiki ya siku ya mvua, na soda. Faranga iliyookolewa isipohamishwa siku hiyo hiyo haijaokolewa, imebadilisha tu mahali pa kupotelea. Mama ndiye aliyenieleza. Yeye ana ikimina na wenzake wa mtaani. Kila Jumapili anapeleka fungu lake, na ndiyo maana ada ya mdogo wangu hupatikana. Alisema, "Mimi sibani umeme. Natoa kwanza fungu la ikimina, na umeme unajibana wenyewe."

Hilo linanikumbusha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim ya mtu aliyesikika sauti mawinguni ikiamrisha shamba lake linyeshewe. Alipoulizwa anafanya nini, alieleza kwamba mavuno yake anayagawa mafungu matatu: moja sadaka, moja chakula chake na familia yake, na moja anarudisha shambani. Hakutaja kubana kitu. Alitaja kugawa. Baraka ilimfuata mtu aliyejua kila fungu linakwenda wapi.

Kwetu sisi wanafunzi

Ndugu zangu, tusidanganyane. Wengi wetu tunaozima taa za bweni kwa fahari tunakopa vocha kwa simu na kulipa ziada, au tunachukua mikopo midogo ya simu yenye riba na kuiita gharama ya huduma. Tunanunua sukari ya vijiko, sabuni ya kipande na mafuta ya kipimo cha kikombe, na mwisho wa mwezi tumelipa bei ya kilo mbili kwa kilo moja. Watu wanne wa chumba kimoja wakichanga siku pesa ya matumizi inapoingia, wakanunua mchele, maharage na mafuta kwa pamoja, wataokoa kuliko mwaka mzima wa kuchomoa chaja. Na sunna hiyo ipo: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba chakula cha wawili kinatosha watatu, na cha watatu kinatosha wanne.

Na akamuusia Abu Dharr (r.a.), kama ilivyo katika Muslim, kwamba akipika mchuzi aongeze maji yake na awaangalie jirani zake. Zingatieni wasia huu. Kuongeza maji kwenye mchuzi ndilo zoea la kubana matumizi la kale kuliko yote, kila mama anayelijua. Lakini Mtume amelipa mlango wa kutokea: maji yanaongezwa ili jirani apate. Sisi tunaongeza maji ili tusinunue nyama kesho. Chungu kimoja, nia mbili, na safari mbili tofauti siku ya Kiyama.

Nyumbani Kabuga sasa tumekubaliana mambo machache, nami nayataja ili anayetaka ayajaribu. Taa ya korido inawaka. Birika la umeme limechorwa mstari wa vikombe viwili. Kila mmoja ana birika lake dogo la udhu, na bibi ndiye mwalimu wetu. Kinachopungua tunakikadiria, na siku baba anaponunua umeme, kiasi hicho kinahamishwa saa ile ile: nusu kwenye ikimina cha mama, nusu kwenye kopo la sadaka. Mwezi wa kwanza nusu ya sadaka haikuzidi faranga 2,500. Zilimnunulia jirani yetu mjane uniti za umeme, siku ambayo nyumba yake ilikuwa gizani na watoto wake wana mtihani asubuhi. Nilipeleka namba za kashipawa mimi mwenyewe. Nikasimama kibarazani kwake nikingoja, na taa ilipowaka niliona aibu na furaha pamoja, kwa maana cheo changu chote cha ukaguzi hakijawahi kumwashia mtu taa.

Mdogo wangu anapiga pasi sare yake bila kuhesabiwa. Bado ninachomoa chaja, lakini kimya kimya.

Tukumbuke kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Tuyashike mazoea madogo, tuyapime, tuyatakase nia, na tusiwaumize watu wetu kwa jina lake.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na ututosheleze nacho. Tuepushe na israfu inayotutia katika madeni, na ubahili unaotufunga mikono mbele ya wanaotuhitaji. Wape afya wazee wetu, wasamehe waliotangulia, na uwatie nuru katika makaburi yao. Utujaalie elimu yetu iwe rehema kwa watu wa nyumba zetu kabla ya watu wengine. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.